Wakaniacha Nifanye Mtihani

Niliposhuka kivukoni Kigongo, begi la shule begani, nilikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kidato cha nne. Jirani yetu wa Nyakato alikuwa pale akisubiri kuvuka kwenda Busisi. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba wa baba."

Nikamuuliza baba yupi, maana ukoo wetu una akina baba wengi. Akajiziba mdomo kwa kitenge. Kisha akaniambia niwahi nyumbani, akaingia kivukoni bila kugeuka.

Sikulia. Njia nzima nilibishana na ile habari. Nikakumbuka matroni alivyoanza kuniita kwake kunywa chai ya maziwa, na wenzangu walivyokuwa wakinyamaza nikiingia bwenini, wakinipisha bombani nichote maji kwanza. Mimi nikadhani wananiheshimu kwa akili zangu! Kumbe shule nzima ilijua nimefiwa, isipokuwa mfiwa mwenyewe.

Nyumbani hakukuwa na mkeka uani wala wanaume waliozunguka moto. Matanga yalishaanuliwa, watu wakarudi makazini. Mama alitoka jikoni, kichwa kilichonyolewa kimeanza kuota nywele, akanikumbatia. Kabla sijatua begi akaniuliza mtihani ulikuwaje. Nilimchukia pale pale, nasema wazi. Akajieleza: baba zangu wadogo ndio walioamua, kwamba nikiambiwa nitafeli, na marehemu tangu apunguzwe kiwandani aliuza mitumba juani ili mimi nisome. Ningefanya nini na maneno hayo? Nilitaka kulia na watu, na watu walikuwa wamemaliza kulia.

Mama akarudi ndani, machozi yamemshinda. Nikabaki uani na mdogo wangu, msichana wa darasa la nne, ambaye nilipoondoka nyumbani alikuwa bado anagombea ukoko wa wali. Akaniletea kiti kile tunachowapa wageni. Yeye akatandika mkeka mbele yangu, akakaa, akajifunika kanga magotini, akaanza kwa sauti ya watu wazima.

"Baba alianza kuumwa kichwa Jumapili, tukadhani ni malaria. Jumanne tukampeleka hospitali. Jioni akanywa uji kidogo, tukapata matumaini. Alfajiri akatutoka."

Hakukwama popote. Hakutoa chozi. Nilimtazama, nikaelewa kwamba kila aliyeingia pale kuhani alisimuliwa maneno hayo hayo, na mtoto ameyasikia na kuyasema mpaka yamemkaa mdomoni. Ndugu waliotoka Bujora waliambiwa, wateja wa baba waliambiwa, hata wasiomjua vizuri. Sasa ilikuwa zamu yangu.

Alipomaliza akainamisha macho, akangoja. Kila aliyewahi kwenda msibani anajua kinachofuata, nami sikuwa na kingine cha kumpa.

"Poleni sana," nikasema.

"Asante," akanijibu. "Tumeshapoa."