Fowili Iliyozama Uani kwa Wakwe

Nitaanza kwa kukubali, ili wale walioisikia hii habari kwa watu wa soko la Ogwedhi wasiseme naificha. Ni kweli, ni mimi. Mzee mzima, mwenye wajukuu na ng'ombe na nyumba ya matofali niliyojenga mwenyewe, niliwarushia wakwe tope mchana kweupe. Mpaka leo nikipita sokoni lazima mtu mmoja aniulize, "Jaduong', mzee wetu, umeshaondoka?" halafu wote wanacheka wakishikana mabega. Acha wacheke. Lakini wanasimulia vibaya, wanaongeza mbuzi ambaye hakuwepo, kwa hivyo nimeona niandike mwenyewe vile ilikuwa.

Mimi shule niliiacha nikiwa mdogo sana, sikuona faida yake, nikafuata ng'ombe. Nimenunua na kuuza ng'ombe maisha yangu yote, nimesomesha watoto mpaka mmoja wao, Ochieng, akawa mwalimu, na hakuna mtu aliyewahi kunishika mkono akanionyesha njia. Nilijionyesha. Sasa mtu aliyejionyesha njia hapendi kuelezwa vitu, na hapo ndipo ubovu wote ulianzia, kwa sababu gari nililonunua lilikuwa la kuelezwa.

Lilikuwa gari la fowili, lile linavuta na miguu yote minne, zee kama mimi, lenye kutu kwenye milango na springi zilizochoka, likitoa moshi mweusi kama jikoni kwa mtu maskini. Aliyeniuzia ni Salim, Mwislamu mmoja kutoka pwani ambaye anauza spea pale Migori mjini, mtu mpole, haongei kwa haraka. Siku ya kunipa ufunguo akasema, "Mzee wangu, kabla hujaenda, ngoja nikuelekeze jambo moja kuhusu magurudumu ya mbele."

Nikamwambia, "Salim, mimi nimewahi kununua fahali aliyeua mtu, nikamfunga kamba peke yangu. Hii chuma itanishinda?"

Akacheka kidogo, akasema, "Haya mzee, kheri inshallah." Ndivyo jambo lenyewe likabaki mdomoni mwake.

Nikalipeleka kwa mafundi wakalifungua lote likalala juu ya mawe kama ng'ombe aliyechinjwa, wakabadilisha klachi, nozeli, bushi na springi, na mimi nikaketi hapo kwenye stuli kila siku nikisimamia (sikujua nasimamia nini, lakini nilikunja uso). Mwishowe likapakwa rangi ya kijani, na magurudumu nikataka yapakwe rangi ya fedha, yang'ae. Yule wa rangi akafika katikati ya gurudumu la mbele, mahali pana kitu kama kikombe kidogo cha chuma, akasita. "Mzee, hapa kuna alama za kuonyesha—"

"Paka!"

Akapaka.

Haraka yangu ilikuwa ya nini? Ilikuwa ya Ochieng. Alikuwa amepata msichana anaitwa Akinyi, wa upande wa Homa Bay, na baba yake Akinyi alishafariki, kwa hivyo neno la nyumba hiyo lilikuwa kwa ami yake, Mzee Ogutu. Huyu Ogutu alishatuma maneno kwamba hana hakika kama msichana wake aliyesoma ataenda kwa watu wa kufuata mikia ya ng'ombe. Nililala na hayo maneno kifuani. Nikasema sawa, tutaona huo mkia.

Lazima nieleze desturi kidogo, kwa sababu kuna wasomaji si Waluo. Kwetu ukienda kwa wakwe kupeleka mambo ya mahari, mnakaribishwa, mnazungumza, mnakula, halafu mkishiba hamuagi. Hakuna kwaheri, hakuna mkono, hakuna kusindikizwa mpaka langoni. Mnainuka tu mnakwenda kabla jua halijazama, na wenyeji wanakaa vile walivyokaa kama hawajaona kitu. Kuaga wakwe ni kama kusema undugu umekwisha, kila mtu ashike lake. Vijana wa siku hizi wanaaga, wanapiga na picha, lakini Mzee Ogutu hakuwa kijana wa siku hizi. Alikuwa anangoja tukosee.

Basi tukaenda, mimi kwenye usukani, Ochieng kando yangu na suti, na nyuma ndugu yangu mdogo Ogola, ambaye Mungu alimgawia mdomo wa watu wawili. Gari likatembea vizuri mpaka nikaimba. Tulipofika kwenye boma la Ogutu, Ogola akasema, "Baba Ochieng, acha gari hapa kwa murram, kwa changarawe. Huko ndani udongo ni mweusi, ukilowa unameza gari."

"Nikiliacha hapa nje, nani ataliona?"

Nikaliingiza. Hilo ndilo kosa langu lote, ndugu zangu, kuzungusha usukani mara moja. Nikalipitisha langoni, nikashuka nalo chini kidogo penye majani mazuri, nikaligeuza mpaka mgongo ukaelekea nyumba kubwa, kwa sababu nyuma ndipo nilipokuwa nimeandikisha jina langu kwa rangi nyekundu, na nilitaka Ogutu alisome akiwa amekaa kwenye kiti chake. Alisoma. Akaniuliza tukiwa mezani, "Hiyo inavuta na miguu zote?"

"Zote nne. Hata mtoni inapita."

Akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeshindwa, na mimi nikaongeza ugali.

Kila kitu kilikwenda kama maziwa. Samaki walikuja, kuku wakaja, ng'ombe zikakubaliwa, Ochieng akaanza kupumua. Katikati ya kula mvua ikaja kutoka ziwani, ikapiga mabati mpaka tukawa tunaongea kwa mikono, ikapita. Jua likaanza kuegemea. Mzee Ogutu akakohoa, akatazama ukuta, na hiyo ndiyo ishara. Tukainuka kimya, tukatoka kimya, tukaingia garini kimya, nikawasha, nikaweka gia, nikaachilia klachi.

Gari likalia. Halikwenda.

Nikaongeza mafuta, nyuma ikaanza kushuka. Sikushtuka, nilikuwa na dawa yangu, kile kigingi kidogo cha fowili kando ya gia. Nikakivuta, taa ya kijani ikawaka kwenye dashibodi, nzuri kabisa, nikasema sasa mtaona. Nikakanyaga. Taa inawaka, injini inanguruma, na gari linazidi kuketi. Nikazima taa, nikawasha tena, nikavuta kigingi, nikarudisha, nikavuta. Sikuelewa. Gari linaniambia ndiyo kwa taa na linaniambia hapana kwa miguu, nani kati yao anasema ukweli? Nikashuka kuangalia. Ochieng akakaa kwenye usukani akakanyaga, na mimi nikaona kwa macho yangu magurudumu ya nyuma yakichimba kama nguruwe, na yale ya mbele yametulia, yanang'aa na rangi yake ya fedha kama wageni waliokuja kutazama. Kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba mafundi wa Migori wameiba kitu cha mbele. Kitu gani, sikujua, lakini nilijua wameiba.

Na wakati huo wote, wenyeji hawatuoni. Hamuwezi kujua uchungu huo kama haujawapata. Nyumba imejaa watu, mlango uko wazi, gari linalia kama simba, na wote wamekaa wanatazama chini, kwa sababu sisi tulishaondoka. Mzee Ogutu alikuwa amegeuza kiti chake kikatazama ukuta. Nilisikia mtu akikohoa, na haikuwa kikohozi, ilikuwa kicheko kimevaa nguo ya kikohozi.

Ogola akaja karibu yangu akanong'ona, "Omera, ndugu yangu, tumeondoka ama hatujaondoka?"

"Tumeondoka."

"Mimi naona kama tuko."

"Nyamaza, sukuma gari."

Wakasukuma, yeye na mtoto wangu na suti yake, mimi nikakanyaga mpaka mwisho. Tope likaruka. La kwanza lilimpata Ogola kifuani, la pili likapiga ukuta wa Ogutu uliokuwa umepakwa chokaa kwa ajili yetu, na la tatu (nilikuwa natazama kwenye kioo, sikutaka kuamini) likapita mlangoni kama ndege anayejua kwao na kumpata Mzee Ogutu kwenye kofia. Hakugeuka. Alitoa kofia, akaipangusa kwa kiganja, akairudisha kichwani, bado anatazama ukuta. Angefanya nini? Mtu hawezi kupigwa tope na watu ambao hawapo.

Ochieng akaja dirishani, matone ya tope kwenye miwani. "Baba, tuombe msaada."

"Tumwombe nani? Hakuna mtu anayetuona hapa."

Hapo ndipo mama yake Akinyi alipotoka jikoni. Huyu mama mimi sikuwa nimemwangalia usoni tangu tufike, ni heshima, na yeye pia hakuniangalia. Alikuwa na beseni la maganda, akaja pole pole akipita upande wa mbele wa gari, akasimama akawamwagia kuku, halafu akaanza kuongea na kuku mmoja mwekundu, kwa sauti kubwa ya mtu aliyezoea soko.

"Wewe kuku, wakati nilikuwa napeleka dagaa wetu wa omena Migori, tulikuwa tunapanda magari kama haya. Tukizama, dereva anashuka kwanza. Anainama kwenye gurudumu la mbele, anazungusha kile kikombe cha katikati kwa mkono, anaenda upande wa pili anazungusha kingine. Asipozungusha, gari inavuta na nyuma tu, hata avute vyuma vyote vya ndani. Lakini wewe utajuaje, wewe ni kuku."

Ogola akasema, "Kuku amesikia, mama."

Nikapiga magoti kwenye tope, na suruali yangu ya kwenda kanisani. Kile kikombe kilikuwa kimefungwa na rangi yangu mwenyewe, alama hazionekani, nikakwaruza kwa ufunguo, nikagonga kwa jiwe, kucha moja ikaenda. Kikazunguka. Nikaenda kwa cha pili, nacho kikazunguka. Nikarudi kwenye usukani, nikavuta kigingi, nikaachilia klachi taratibu, na gari likainuka kutoka kwenye lile shimo kama ng'ombe anayeamka asubuhi, nyuma kwanza, halafu bega, halafu lote, likatembea!

Jameni, furaha ni kitu kibaya. Sijui ni nini kilinipata. Nikiwa langoni kabisa, murram iko mbele yangu, tumeshapona, mimi nikatoa kichwa dirishani na mkono juu, nikapaza sauti ile ya kuita ng'ombe, "Asante sana mama! Kwaherini! Kwaherini nyote! Oriti uru!"

Ogola alifunga macho. Hata kuku waliacha kudonoa, naapa. Halafu nikasikia kiti kikiburutwa, na Mzee Ogutu akatokea mlangoni na kofia yake yenye doa.

"Sasa nimewaona," akasema.

Nikakanyaga breki. Sikujua nirudi nikamwombe radhi ama niende, kwa sababu kurudi ni kosa na kwenda ni kosa, mguu mmoja kwenye klachi, mmoja kwenye breki. Nikasema, "Mzee, ulimi umeteleza."

"Haukuteleza. Umetuaga sisi wote, majirani wamesikia. Mambo ya leo hayapo. Nendeni, na mkishajifunza kuondoka kwa watu, mtakuja kuanza upya."

Akinyi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa mdomoni. Ochieng alimwangalia mpaka lango likamficha.

Tulipofika Rongo, nikiwa nasimama kununua maji, ndipo Ochieng aliponiuliza, bila hasira, na afadhali angekasirika: "Baba, leo ilikuwa siku ya gari ama ilikuwa siku yangu?"

Nikamfungulia chupa ya maji, nikampa. Mimi ambaye nina jibu la kila mtu.

Tulituma watu wa kutuombea, wakaenda, wakarudi, wakaenda tena. Mavuno yalipita kabla Ogutu hajakubali. Safari hiyo tulipanda pikipiki kutoka Homa Bay, tukamalizia kwa miguu na gambuti, hakuna aliyetuona tukifika isipokuwa mbwa. Tukaanza upya, samaki upya, maneno upya, ng'ombe zilezile zikakubaliwa na moja ya kuosha ukuta ikaongezwa. Ogutu alipokohoa nikainuka, nikauma midomo mpaka nikaonja damu, Ogola amenishika mkono kama kipofu, tukatembea mpaka barabarani bila kutazama nyuma. Akinyi sasa yuko kwetu, na ni mke mzuri, na akinipa chai anainamisha uso, nami najua ni kwa sababu anacheka.

Gari bado ninalo, usiniambie niliuze. Lakini siku hizi nikienda kwa wakwe, mahali popote, sibebi kitu cha kuonyesha watu. Nabeba mdomo wangu tu, na hata huo naufunga.