"Mama, Silinda Nne Inakutosha"

Leo nimechaguliwa injini kwa sababu mimi ni mwanamke.

Saa mbili asubuhi niko kwa dalali wa magari hapa Bariadi. Ana gari mbili za saluni, za kifahari, zile za chini zenye mbio. Zinafanana kila kitu isipokuwa injini. Moja silinda nne, nyingine sita.

Hela ni yangu. Lakini dalali anaongea na mdogo wangu Masanja, ambaye hata kuendesha hajui!

"Kaka, huyu mama mchukulie nne. Sita ina nguvu, itamshinda."

Nikaweka kiganja kwenye boneti ya hiyo nne.

Ya moto.

"Imetoka wapi asubuhi yote hii?"

"Haijatoka, mama. Imelala hapa hapa."

Jamani. Mimi nanunua ng'ombe mnada wa Mwanhuzi mwaka wa kumi na mbili huu. Ng'ombe aliyelambishwa chumvi ili anywe maji tumbo lijae, namjua akiwa mbali. Na injini inayopashwa moto kabla mteja hajafika ina kikohozi inachokificha.

Nikagusa ile sita. Baridi. Nikaiwasha mwenyewe, ikaitika mara moja, hata moshi haikutoa.

Nimeichukua.

Tangu nirudi nyumbani simu haziishi: "Silinda sita inakula mafuta!"

Haya, semeni yote hapa chini kwenye maoni, nasoma.

Itakula. Ng'ombe wangu nao wanakula, na sijawahi kumwona hata mmoja wenu amekuja na majani.