Kitatange wa Dada Zuhura

Juzi nilimwona mtu katika hoteli moja ya Shangani akimimina maji ya mfereji ndani ya tangi la samaki wa baharini, nikakumbuka mchana mmoja nyumbani kwetu Michenzani.

Dada yangu Zuhura alifuga kitatange, samaki mdogo wa manjano, katika tangi la kioo sebuleni. Chumba kizima kilinuka mwani, na pampu ilinguruma kama paka aliyeshiba. Maji yalipungua kila siku, nami niliamini samaki ndiye anayeyanywa.

Mchana ule dada alikuja na jagi la maji ya mfereji.

"Dada, usitie! Utamuua, huyo wa bahari!"

"Njoo uonje ya humu kwanza."

Nilichovya kidole tangini, nikakilamba. Chumvi iliniwasha ulimi.

"Joto linachukua maji tu, chumvi linaniachia mimi. Nisipoongeza haya, chumvi itamzidi, ndipo atakufa."

Sikumwelewa. Alimimina taratibu, kitatange akajificha nyuma ya jiwe. Nilikaa sakafuni nikimngoja, machozi yakinilengalenga, mpaka adhana ya alasiri. Ndipo akatoka, akaja karibu na kioo, akaanza kudonoa chakula.

"Haya, mzima huyo, mwoga we!" dada akacheka.

Sikuthubutu kumwambia kwamba nilikuwa nimeshamsomea Fatiha.