Shavu la Dada Mbele ya Msajili

Shemeji alikuja kung'oa bati siku moja kabla ya talaka ya serikali. Kwetu mwanamume hujenga kwenye kiwanja cha mama mkwe wake, na ndoa ikivunjika huondoka na alichokiongeza: milango, madirisha, paa. Hatukushangaa. Dada yangu alikaa uani kati ya vyombo vyake, akitazama bati zikirushwa chini moja moja kwa kishindo, na misumari ikituangukia miguuni.

Talaka ya dini alishampa zamani, mbele ya mashahidi. Lakini walikuwa wamefunga pia ndoa ya serikali, kwa kuwa kambi ya kampuni alikofanya kazi shemeji ilitaka cheti. Kwa cheti hicho aliendelea kuja. "Kwa Mungu nimekuacha," alikuwa akimwambia, "kwa serikali bado wangu." Alivunja mlango, akampiga, akalala, asubuhi akaenda kazini. Kabla ya hapo teke lake lilishatoa mimba, sakafuni, mama yetu akiona.

Sasa alimtaka mwanamke wa kijiji cha Mute, na huyo pia amwoe kwa cheti. Ghafla akawa mtu wa makubaliano.

Mimi ndiye mwenye shahada, kwa hiyo karatasi ziliangukia kwangu. Nilizipeleka kwa mama mmoja mwenye kompyuta na printa karibu na soko la Palma, anayewatayarishia watu maombi. Rasimu yangu ilijaa vipigo, kurasa kwa kurasa. Aliisoma yote, akavua miwani.

"Mwanangu, hii ni kesi. Ukiipeleka hivi inakwenda mahakamani, na yeye atakana kila neno. Talaka ya makubaliano haitaki sababu. Wawili wamekubaliana, nyumba inabaki kwa mke, watoto hawana. Basi."

"Na teke?"

"Teke halina mahali humu."

Akaandika upya. Nilimuuliza, je, msajili akidhani dada amelazimishwa? Alisema kila mmoja ataulizwa kama amekuja kwa hiari yake. Akisita, msajili hagongi muhuri. Tangu hapo sikulala vizuri. Shemeji alikuwa na tabia ya kughairi, na siku nyingine ya kumfikisha kwa msajili hatukuwa nayo.

Basi siku ile ya bati, shemeji aliposhuka kutoka juu ya paa, dada alimwambia, "Nyundo iache. Ni ya marehemu baba."

"Chukua," alisema, akampiga nayo usoni.

Ilitoka sauti ndogo, kavu, kama ya ukuni unaovunjwa. Dada aliangukia masufuria. Mama alimrukia shemeji na kumng'ata mkono. Shemeji akamkung'uta hadi ukutani. Mimi nilikuwa nimeshika jiwe. Nikimpasua kichwa, niliwaza, hatakwenda kesho. Asipokwenda, ndoa inabaki. Ndoa ikibaki, atakuja tena usiku wowote. Nilikuwa bado nawaza, jiwe mkononi, na yeye ameshapakia bati kwenye gari.

"Kesho, dotora," aliniambia, akiikejeli shahada yangu. "Usichelewe na vikaratasi vyako."

Jicho la dada lilivimba mpaka likafumba. Asubuhi mama alisaga kijiti cha msiro juu ya jiwe kwa maji, akampaka uso mzima, mweupe, kama wanawake wetu wanavyojipaka siku yoyote.

"Nani atauliza?" mama alisema.

Mimi nilijua ataulizwa. Njia nzima nilimsihi. "Sema umeanguka, dada. Ukisema lingine wataahirisha. Tafadhali." Alitembea mkono shavuni. Taya lilimuuma.

Ofisini tulimkuta shemeji ameshakaa kwenye kona ya pili ya meza. Msajili alikuwa msichana wa rika langu. Alitazama picha ya kitambulisho, akatazama ule uso mweupe.

"Samahani, dada. Nawa. Lazima nione kama ni wewe."

Nilimmiminia maji ya chupa. Msiro ulichuruzika shingoni. Chini yake palikuwa pamevimba, peusi, na mpasuko wa chini ya jicho ukaanza kutoka damu upya.

"Hiki nini?"

"Ameanguka," nilisema mimi.

"Sijaanguka." Dada aliongea kwa upande mmoja wa mdomo. "Amenipiga huyu, jana, kwa nyundo. Na talaka naikubali. Sikupigwa ili nije hapa. Nimekuja ili nisipigwe tena."

Shemeji aliruka juu ya meza, akamkaba koo. Kiti kilivunjika. Niliona ulimi wa dada. Safari hii sikuwaza: nilimvuta shemeji nywele, nikamchimba kucha machoni, mpaka mlinzi alipoingia na kumpiga rungu la mgongo, na jingine, akapiga magoti.

Msajili alikuwa amesimama ukutani, faili kifuani. Alivuta pumzi, akarudi mezani.

"Bwana, na wewe unakubali kwa hiari yako?"

Nilijua sasa atakataa, hata kwa kutukomoa tu. Shemeji alitema mate yenye damu, akamtazama dada.

"Nakubali. Nibaki naye wa nini, na uso ule?"

"Tia sahihi."

Alitia. Msajili alivuta karatasi upande wake kwanza, ndipo akamwambia mlinzi, "Huyu asitoke. Waite polisi."

Dada aliandika jina lake polepole, jicho moja. Tone la damu lilidondoka pembeni mwa ukurasa. Nikauliza kama utakataliwa, kama nikimbie kuchapisha mwingine, kama shemeji atakubali kutia sahihi tena.

"Kaa chini," msajili aliniambia. Akalifuta tone kwa kidole gumba, akagonga muhuri.