Saa Mbili ya Mama Sindano

Kwa miaka kumi na saba, muuguzi ambaye wagonjwa walimbandika jina la Mama Sindano hakuwahi kuharibu damu ya mtu. Basi barua ya chuo kikuu jirani, ambacho zahanati yake ilishirikiana nacho kwenye utafiti wa upungufu wa damu kwa wajawazito, ilimchoma: sampuli zake zote arobaini zingetupwa. Eti zilifika maabara zimekaa saa saba na nusu, wakati kikomo ni saa nne tangu damu itolewe. Ushirikiano wenyewe ulikuwa unaning'inia.

Aliirudia mara tatu fomu aliyoandika muda wa kutoa damu, kisha akampigia simu profesa aliyeongoza utafiti.

"Profesa, hiyo saa mbili niliyoandika mmeisomaje?"

"Kompyuta imeisoma ilivyo, dada. Inahesabu kuanzia katikati ya usiku."

"Yaani saa nane za usiku? Jamani, saa hiyo mimi nakoroma, muulize mume wangu! Ni saa mbili asubuhi!"

Profesa akaangua kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Damu ilifika saa tatu na nusu asubuhi, kwa hiyo ilikaa saa moja na nusu tu.

"Na mkataba wa ushirikiano tuliujadili mwaka mzima," akasema.

Mama Sindano akashusha pumzi. "Nyinyi wasomi mmekubaliana kila kitu, isipokuwa jua linachomoza saa ngapi."