Nyasi za Majini Alizopanda Mama

Matete mabichi yakichomwa hutoa moshi mzito wenye harufu ya matope na samaki, moshi unaong'ang'ania kwenye nywele hata ukioga. Harufu hiyo ilikaa kijijini kwetu siku nne mfululizo, mwaka uliofuata baada ya kuhamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Singida mjini. Nilikuwa darasa la tatu. Tembe letu la zamani lilikuwa limebomolewa, na tulikuwa tumeambiwa tujenge nyumba kwa mistari iliyonyooka kando ya bwawa. Bwawa ndilo jambo jema pekee tulilolikuta pale. Matete yalilizunguka, na ndani, kwenye maji ya magoti, kuliota nyasi laini zilizoyumba chini ya maji. Ukisimama kimya ungeona perege wadogo kama punje za mtama wakiingia na kutoka humo. Maji yalikuwa baridi hata saa saba mchana.

Aliyeamuru matete yachomwe alikuwa bwana shamba, kijana aliyekuja na pikipiki na kutukusanya mbele ya ghala. Kwelea kwelea walikuwa wamekula mtama wa shamba la kijiji, na yeye alikuwa ameshapata mkosaji. "Mnafuga adui wenyewe," alisema. "Ndege wanalala kwenye matete yenu. Kateni yote, ng'oeni na hayo majani ya majini, mlime mpaka ukingoni!" Mama yangu, mwanamke asiyependa kusema mbele za watu, alinyoosha mkono. "Ndugu Bwana Shamba, ndege wanalala kwenye matete, ni kweli. Lakini nyasi za ndani ya maji zina kosa gani? Samaki wanazaliana humo." Bwana shamba akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Mama, wewe kilimo umesomea wapi?" Watu wakacheka. Nami nilicheka, na hadi leo kicheko changu kinanikera kuliko chao.

Tulikata, tukang'oa, tukachoma. Mvua zilipokuja, udongo wa shamba jipya uliteremka wote bwawani na maji yakawa mekundu. Kiangazi kilichofuata kilikuwa kikali kuliko tulivyozoea. Bwawa lilisinyaa, na maji yaliyobaki yakawa vuguvugu kama ya kuogeshea mtoto. Asubuhi moja tuliwakuta perege wakielea tumbo juu, wengi hata mbwa walishiba wakawaacha. Na wale kwelea kwelea? Walihamia kwenye vichaka vya miiba upande wa pili wa shamba, wakaendelea kula mtama kama kawaida. Hakuna aliyemwuliza bwana shamba kuhusu hilo.

Mama hakulalamika. Alichukua gunia, akamchukua jirani yetu Mama Hadija, wakaenda kwenye bwawa jingine ambalo halikuwa na kijiji wala mtaalamu. Walirudi jioni na gunia lililolowa, limejaa nyasi za majini pamoja na mizizi yake. Walizichomeka kwenye matope, na kesho yake zote zilikuwa zinaelea. Wakaenda tena. Safari hii kila kishina kilibanwa chini kwa kijiti chenye panda, nami nilipewa kazi ya kuchonga vijiti. Nusu zilikufa. Wakaenda mara ya tatu, na ya nne, wakijifunza kwamba zilizopandwa kwa kukaribiana hushikana, na zilizo peke yake hubebwa na maji. Mama alikuwa anaingia bwawani baada ya zamu yake ya shamba la kijiji, khanga imekunjwa hadi magotini, mgongo umeinama. Mvua za mwaka ule zilipoisha, palikuwa na kipande cha kijani chenye ukubwa wa sakafu mbili za darasa, na maji yaliyokuwa juu yake yalikuwa safi. Mama Hadija alinishika bega, akaniambia, "Elisifa, njoo uone." Perege walikuwa wamerudi. Nilimwona mama akicheka peke yake, bila sauti.

Bwana shamba aliporudi, alikiona kipande kile kabla hajashuka kwenye pikipiki. Aliitisha mkutano, akasema kuna watu wanahujumu shamba la ujamaa. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye ni baba yangu mdogo na aliyekuwa amekula samaki wa bwawa lile wiki hiyohiyo, alitazama viatu vyake. Amri ikatoka: wanafunzi wang'oe nyasi zote kesho asubuhi, kama kazi ya kujitegemea. Mwalimu alitupanga mstari ukingoni. Ilipofika zamu yangu nilisimama tu. Mama alikuwa pale juu, pamoja na Mama Hadija. "Ingia, mwanangu," alisema. "Ukikataa watakuchapa, na bado zitang'olewa." Nikaingia. Nyasi zilikuwa zimeshika sana; ilibidi nivute kwa mikono miwili, na kila kishina kilitoka na kijiti changu. Mama alibaki amesimama mpaka mwanafunzi wa mwisho alipotoka majini. Kisha akaenda shambani, maana zamu yake ilikuwa imefika.

Bwawa lilikauka kabla sijamaliza shule ya msingi. Wanawake walianza kutembea mbali kutafuta maji ya kunywa, mama akiwemo. Bwana shamba alipandishwa cheo, akahamishwa. Mama hakupanda tena chochote ndani ya maji.

Binti yangu sasa anafanya kazi pwani. Bahari imepata joto, nyasi zake zinakufa na samaki wanapotea, kwa hiyo yeye na akina mama wa kijiji kimoja wanazipanda upya, wanabana kila shina kwa kijiti, karibukaribu ili zishikane. Mwezi uliopita alinipigia simu kwa furaha: wageni wamekuja kuwapiga picha, wamesema ni maarifa mapya kabisa. Mapya! Ninafurahi kwa ajili ya wale akina mama, Mungu ni shahidi wangu. Lakini nimekasirika kwa namna ambayo umri haujaipunguza. Mama alifariki akiwa bado ameandikwa kwenye kumbukumbu za kijiji kama mhujumu. Hakuna aliyerudi kumwomba radhi. Si bwana shamba, si baba mdogo. Hata mimi sikumwomba. Watu hunifariji kwamba nilikuwa mtoto tu, ningefanya nini. Nilikuwa mtoto, ndiyo. Lakini baadaye nilikuwa mtu mzima kwa miaka mingi, nikimtembelea, nikila chakula chake, na ile siku ya kung'oa nyasi zake sikuitaja hata mara moja.