Kihisi Kwenye Paji la Mama Soa

Siku yangu ya kwanza kazini katika hospitali ya Mahajanga, Madagaska, mwishoni mwa miaka ya sabini, nilifika kabla mlango haujafunguliwa, nikasimama nje nikijiuliza kama kuwahi sana nako ni kosa. Mkuu wa idara ya mazoezi ya viungo hakuniuliza jina. Alinikabidhi sanduku lenye utepe wa kufunga kichwani, na kwenye utepe kihisi kidogo chenye waya. Mgonjwa akiinama, kihisi huhisi mwinamo, na mshale wa sanduku huonyesha ni nyuzi ngapi.

"Wewe umesoma," alisema. "Niambie kama kinasema kweli."

Kipimo kipya hulinganishwa na kile unachokiamini. Sisi tuliamini pimapembe: vijiti viwili vilivyoungwa kwa pini juu ya duara la nyuzi. Kila shingo tuliipima mara tatu kwa kila kifaa, na kila mara mshale ulipaswa kurudi kwenye sifuri. Kwenye shingo za wauguzi wenzangu, tuliojaribia kwanza, ulirudi. Hilo nalo lilinitia wasiwasi.

Kisha nikapelekwa na sanduku hilo kisiwani Nosy Be. Harufu ya maua ya mlangilangi yaliyokuwa yakikamuliwa mafuta iliingia dirishani siku nzima, nami nilifanya kazi kama mtu ambaye hajaamka vizuri. Wagonjwa wangu walikuwa wanawake waliovuka kutoka kisiwa jirani cha Nosy Komba, wadarizi waliozeesha shingo zao juu ya vitambaa. Mmoja wao, Mama Soa, alikuwa na umri wa mama yangu. Daktari wa kisiwa alisema namba zangu ndizo zitakazoamua: shingo ikiinama vizuri, arudi kwenye sindano yake ya kudarizi; isipoinama, apumzike na kutibiwa.

Kihisi kilisema inainama vizuri. Pimapembe ilikataa. Mshale haukurudi kwenye sifuri, na vipimo vitatu vikawa vitatu tofauti. Nililaumu unyevu wa bahari, kisha mtikisiko wa mashua, kisha mikono yangu. Nilianza ripoti mara nne, nikaichana mara nne.

Mama Soa alinitazama kwa utulivu, akasema kwa Kimalagasi, "Mwanangu, shingo yangu inakataa, sanduku lako linakubali. Ni nani aliyeivaa shingo hii?"

Nilipomfungua utepe ndipo nikaona. Uso wake, kama ilivyo desturi ya wanawake wa huko, ulipakwa masonjoany, rojo la mti unaosagwa juu ya jiwe. Kwenye paji palikuwa na mfuo wa upana wa vidole viwili: kila alipoinama, utepe uliteleza kuelekea nyusi, na mteremko huo kihisi kiliuhesabu kuwa ni shingo. Nilikuwa nimeyaona yale masonjoany tangu asubuhi. Sikuthubutu kumwambia mwanamke wa umri ule anawe uso mbele yangu.

"Nilijua," alisema, akicheka taratibu. "Nilikuwa nangoja useme."

Akanawa. Vipimo vikapatana: shingo ilikuwa imekaza kweli. Daktari akampumzisha. Mimi nikaandika ripoti kwamba wanawake wote niliowapima kabla yake wapimwe upya, na kwamba kosa lilikuwa langu. Mkuu wa idara alijibu kwa mstari mmoja: "Kifaa kizima. Mpimaji anaogopa watu; atazoea."

Sijui kama nilizoea. Nilirudi Mahajanga, nikafanya kazi chini ya wakuu wengine watatu, vihisi vikapungua hadi ukubwa wa kifungo, vikaacha waya. Kila asubuhi nilianza kwa kuweka beseni la maji na taulo, nikamwomba kila mgonjwa radhi kupita kiasi.

Sasa nimestaafu, na shingo yangu ndiyo iliyokaza. Juzi binti mmoja wa idara alikuja kunipima. Alishika kihisi chake, akaitazama kofia yangu, akatazama dirishani, akaitazama tena. Akaanza kusema, akaacha. Nilikumbuka harufu ya maua na kicheko cha taratibu, nikamngoja.

"Babu," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo, "samahani, kofia."

Nikaivua.